Mpira Usimpe Haraka

Njombe

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimeachia? Na goti? Leokadia aliniambia umerudi shambani kupalilia maharage kabla dawa haijaisha, nikajua umemshinda mdogo wangu tena. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku inauma hadi kwenye kucha, lakini kazi ya kupanga maparachichi kiwandani ipo na ninakula. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatisha. Leokadia, msomee Mama polepole kwa lugha ya nyumbani, na usiruke mahali kwa kuogopa atakasirika.

Ni habari ya mwanangu Deo niliyekuachia.

Kiwandani kuna chumba ambamo wenzangu huacha watoto wao wadogo wakiwa kazini. Ningemleta mwanangu, ila bweni tunalolala haliruhusu watoto. Wakati wa chakula huwa nakaa pale mlangoni nikiwaangalia. Juzi mtoto mmoja, miaka miwili na ushei kama Deo, aliona lori linaingia. Akalinyooshea kidole, akageuka kumtazama mama yake, akalitazama tena lori, akacheka. Hakusema neno. Wenzangu waliendelea kula. Mimi niliweka sahani chini, Mama, kwa sababu Deo hajawahi kunionyesha kitu. Nilipokuja likizo nilimwita, hakugeuka. Nilimpa biskuti, akala bila kunitazama, wala hakupiga makofi ya shukrani kama wafanyavyo watoto wa kwetu hata kabla hawajajua kusema. Nikajipa moyo kwamba amenisahau tu. Wewe ukasema, "Mwana mpole huyu, hasumbui mtu." Baba yake alipopita akitoka machimboni Biharamulo, naye akajisifu kwamba mtoto kamfuata yeye. Wote tulifurahi. Kwetu mtoto kunyamaza ni sifa.

Nilimweleza mlezi wa chumba kile, dada mcheshi anayeitwa Tumaini. Aliacha kucheka. Akaniuliza, "Akitaka maji, anafanyaje?" Nilipowaza sana nikaona kwamba Deo hajawahi kutaka maji. Kwako kikombe hufika kabla ya kiu.

Hapa ndipo naogopa kuandika. Mama, najua kwa nini uko hivyo. Ulivuka mpaka na mimi mgongoni, ukapanga foleni ya unga kambini, na umetusimulia mara nyingi jinsi nilivyolia njaa hadi sauti ikakauka. Ukaapa kwamba hakuna mtoto atakayeomba chakula nyumbani kwako. Hata watoto wa majirani hapo Kasulo wanalijua hilo, hawapiti mlangoni bila kushikishwa kiazi. Tumaini aliposema tungoje kidogo kabla ya kumpa Deo ndizi, ili aombe hata kwa macho, nilimjibu vibaya. Nilimwambia mama yangu hachezei chakula cha mtoto, akasema basi tuanze na mpira.

Kwa hiyo chakula mpe kama unavyompa, sikuingilii. Ila mpira, Mama, mpira usimpe haraka. Msokotee ule wa majani makavu ya mgomba. Keti naye mkekani mkitazamana, mbingirishie mara kadhaa hadi anogewe, halafu ushike na unyamaze. Ngoja. Usimwambie "sema." Akikutazama, akinyoosha mkono, hata akiguna tu, mbingirishie hapohapo na umshangilie. Akigonga sufuria, nawe gonga. Jifunike kitenge usoni, umwache akufunue. Nakujua, utasema mtu mzima akigaagaa chini na mtoto majirani watacheka. Wacheke. Leokadia naye acheze na Deo, simu aiweke mbali.

Na mpelekeni kliniki wampime masikio na wamwangalie vizuri. Tumaini amesema hawezi kujua lolote bila kumwona. Huenda tatizo lipo, huenda halipo, ila tusikae tukisubiri akue. Samaki mkunje angali mbichi. Wakikwambia wavulana huchelewa kusema, usiondoke, waulize tena. Nina hofu, Mama. Wiki hii nilichanganya maparachichi madogo na makubwa, msimamizi akanifokea mbele ya watu, na sikusikia hata alichosema. Najiuliza kama ni kwa sababu nilimwacha. Usinijibu hilo.

Msalimie mjomba anayetutunzia migomba, mwambie asinywe pombe yote ya ndizi kabla sijaja. Msalimie na mama mkwe wangu kule Bugarama, ila msimwambie kitu bado, atatangaza kanisani. Baba Deo nitamweleza mwenyewe.

Jambo la mwisho. Siku neno litakapomtoka Deo, huenda likawa "mama," na huenda akalisema akiwa anakutazama wewe. Najua utamnyooshea simu na kumwambia, "Mama yako yuko humu." Usimrekebishe. Itika.

Mwanao anayekupenda,
Spesioza