Vernal Aliyeuawa Kitabuni

Port Maria,
St Mary, Jamaica.
11 Februari 1956.

Mpendwa mdogo wangu Icilda,

U mzima huko Birmingham? Kifua kimepona? Baridi hiyo isikuzoee, mama. Sisi huku hatujambo, ila kichwa changu hakitulii.

Kwanza furaha. Vernal wangu ameingia kitabuni! Yule Bwana Hartnoll, Mwingereza wa nyumba ya mwambani anayeandika hadithi za majasusi, kamtia humo kwa jina lake kamili, Vernal Pinnock. Nani mwingine hapa ana mtoto kitabuni? Kanisani nilitangaza kabla mchungaji hajamaliza kuomba.

Bwana huyo simwelewi. Anavuka bahari kulifuata jua letu, halafu asubuhi anafunga madirisha yote aandike gizani. Mchana ndipo anapozamia kuwinda kamba-koche miambani na Vernal, maana hakuna apigaye mbizi kama mwanangu.

Basi wiki iliyopita Vernal akaja anacheka. "Mama, nimekufa! Jasusi wa maadui kanichoma kisu, kanitupa baharini."

Niliacha chungu motoni, nikapanda mwambani na aproni yangu.

"Bwana, umeniulia mtoto, na kumzika hukumzika?"

"Bibi Pinnock, amekufa shujaa," akasema. "Akibaki hai, itabidi awe ndiye aliyetoa siri. Chagua wewe. Jumatatu kitabu kinakwenda London."

Icilda, uchaguzi gani huo? Mwanangu maiti au mwanangu msaliti! Nikarudi nyumbani sijui nilie au nijisifu. Vernal naye ananibembeleza, "Niache nife, Mama, dunia nzima inijue." Bibi Ivy, jirani yetu, akadakia, "Mwache afe, mradi umtangazie tena kanisani!" Mdomo wake unaujua.

Jumapili nikarudi kwa Bwana. Nikamwambia: sawa, afe, lakini mkeshee humo kitabuni hadi usiku wa tisa tangu kufa, kama desturi yetu. Watu waje, samaki akaangwe, kahawa na ramu nyeupe ziwepo, nyimbo ziimbwe mpaka alfajiri, roho ijue njia. Nikajitolea kumwimbia hizo nyimbo aziandike.

"Nafasi hiyo haipo," akasema. "Mpelelezi wangu anamkimbiza adui, hawezi kukaa matangani."

"Aliyekufa ni rafiki yake, naye hana hata usiku mmoja?"

Nikamwambia afute jina. Pinnock wa marehemu mume wangu halali baharini bila wimbo. Akafuta mbele yangu, akauliza aweke jina gani. Nikasema, "Weka la kwenu." Akacheka, kisha akaangalia karatasi muda mrefu, hakuandika kitu.

Sasa Vernal amenuna, anasema nimemnyima jina duniani. Labda kweli. Kanisani wananiuliza kitabu kinatoka lini, nami nilivyojigamba! Sijui nilifanya vyema au upumbavu, mdogo wangu, niambie wewe. Ninalojua ni kwamba jioni akirudi kutoka baharini amelowa, hasemi nami neno, nami namshika kichwa vivyo hivyo, na maji yake yananichuruzika mikononi.

Nisalimie shemeji Clifton na mwanao Hyacinth. Shangazi Drusilla anakuulizia kila siku. Mungu akufunike na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye siku zote,
Ermine