Mama Mwende, Nimejifunza Kupika Mayai

Mpenzi wangu Mama Mwende,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu hapa Kibwezi, mahali ulipozoea kunifukuza. Mwende ameenda shule. Vyombo vya asubuhi nimeviosha na kuvipanga kwa namna ambayo ungenicheka, kila kikombe kimeinama upande wake. Mvua imenyesha vizuri, kwa hivyo hakuna mkulima aliyeniita kutengeneza pampu leo. Nimeona nikae niongee na wewe kidogo, kwa sababu kuna mambo yametokea hapa nyumbani na nisingependa uyasikie kwa mtu mwingine.

Unakumbuka siku ulipoileta hii mashine? Zamu yako ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Wenzako walikuwa wamenunua matangi ya maji na mabati. Wewe ukashuka kwenye bodaboda umekumbatia sanduku kama mtu aliyetoka kujifungua. "Ni air fryer," ukaniambia. Nikakitazama kile kitu cheusi chenye droo mbele, nikakuuliza kinatumia mafuta ya aina gani. Ukasema kinapika kwa upepo wa moto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama yako alipopata habari kule Ikutha, alisema binti yake ameolewa karibu na lami akasahau moto ni nini. Hata alipokuja kututembelea, alikataa kabisa kula chochote kilichotoka humo ndani. Ilibidi umchemshie mayai yake kwa sufuria, kwenye jiko la makaa, huku ukinung'unika chini kwa chini.

Lakini wewe ulijua unatafuta nini. Ile pikapu iliyowachukua akina mama kwenda shamba la mboga, kule chini mtoni, ilipita mapema na haikumngoja mtu. Ulitaka Mwende ale kitu cha maana kabla hujatoka, na makaa yalikuwa yanakuchelewesha. Basi kila asubuhi ulichukua kipande cha mkate, ukakibonyeza katikati kwa kitako cha kikombe, ukapasua yai ndani ya kile kishimo, ukanyunyiza nyanya na kitunguu, ukasukuma droo, ukaenda zako kuvaa. Siku moja nilikuambia usimame hapo uangalie lisiungue. Ukanijibu ukiwa chumbani, "Yai si mfungwa, Baba Mwende. Halihitaji askari."

Mashine ikimaliza ililia ting! Nawe ukaita, "Mwende! Meza inakuita!" Mtoto akatoka mbio, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Alianza na kingo za mkate, akazizunguka zote, kile kiini akakiacha mpaka mwisho. Mimi nilikuwa pale na chai yangu, nikiwatazama, na sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri ya maisha yangu. Nilidhani ni asubuhi tu.

Ugonjwa ulipoanza ulisema ni uchovu wa shamba. Halafu miguu ikavimba. Hospitalini wakatuambia ni figo, na kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi, hata leo nikisimulia huwa narukaruka, sijui nini kilitangulia nini. Nakumbuka mkono wako juu ya shuka. Nakumbuka ukiniuliza kama nimelipia maji, kana kwamba utarudi kuyatumia. Tulikuzika nyumbani kwa baba yangu, na watu wa kanisa waliimba mpaka sauti zikakauka. Mwende alisimama kando ya kaburi akiwa amenishika kidole kimoja. Hakulia. Watu walimsifu, wakasema mtoto huyu ana nguvu. Mimi nilikuwa nahisi kile kidole changu, jinsi kilivyobanwa, na nilijua si nguvu.

Mama yako alibaki nasi. Alilala kwa jirani kwa sababu ya nthoni, ile haya yetu ya mkwe na mama mkwe, lakini mchana kutwa alikuwa hapa, akifua, akifagia, akimpikia mjukuu wake. Mashine yako aliifunika kwa leso na kuisukuma pembeni. Mwende akakataa kula asubuhi. Uji alikataa, chai akaigusa kwa mdomo tu. Akawa anakwenda shule na tumbo tupu, mpaka mwalimu akanipigia simu kwamba mtoto amelala kwenye dawati na haamki vizuri. Nilimkuta ofisini akiwa amekaa kwenye kiti kikubwa, miguu haifiki chini, amepungua hadi kola ya shati imekuwa kama ya mtu mwingine.

Jioni hiyo mama yako alimwita kaka yako. Mama yako akakaa sebuleni, mimi nikasimama nje ya mlango, na kaka yako akawa anabeba maneno kati yetu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Mama anasema mwanamume hawezi kulea msichana peke yake," kaka yako aliniambia. "Anasema shule zikifungwa, atamchukua Mwende waende Ikutha."

Sikumkasirikia, Mama Mwende. Naomba ujue hivyo. Alikuwa amemzika binti yake, na alitaka kushika kile kilichobaki. Nami nilitaka kushika hicho hicho. Nikasema, "Mwambie mama naomba muhula huu nijaribu." Mama yako akasema sawa, na kesho yake akarudi kwake.

Basi nikaitoa ile leso. Mimi ninayefungua injini ya pampu na kuifunga nikiwa napiga hadithi, nilisimama mbele ya droo yako nisijue nianzie wapi. Nilifikiri yai likiwa juu ya mkate yatosha. Sikukumbuka kubonyeza. Ute wote ukateleza ukapitia kwenye vitundu chini, na mkate ukabaki mwepesi, ukapeperushwa na ule upepo ukagonga moto juu. Jikoni kukajaa moshi. Mwende alikuwa bado amelala, nikafungua dirisha nikaficha ushahidi. Mara nyingine nikapasulia yai kwenye kikombe cha bati. Juu likaiva, chini likawa maji matupu. Nikala mwenyewe, nimesimama, nikikuomba msamaha kwa kila nilichowahi kusema kuhusu kazi ya jikoni kuwa nyepesi.

Kisha ikafika asubuhi ambayo yai lilikubali. Nilikuwa nimekumbuka kupaka mafuta kidogo kwenye kikombe na kupunguza moto. Ikalia ting! Nikasikia miguu.

Mwende alitoka chumbani mbio, amevaa gauni la kulala, uso wote unacheka. Sijui alikuwa ameamka au alikuwa bado kwenye ndoto. Alifika mlangoni, akaniona mimi. Nilimwona akinitambua, Mama Mwende. Nilimwona akielewa kwamba ni mimi, na kwamba itakuwa ni mimi siku zote. Kicheko kilitoka usoni polepole.

"Nilidhani ni mama," akasema.

Akakaa chini pale pale sakafuni. Nami nikakaa. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, alilia kwa sauti ambayo sikujua mtoto mdogo anaweza kuwa nayo, na mimi nikalia naye bila kuficha. Yai likapoa juu ya meza. Shule alichelewa, na sikumwambia mwalimu sababu.

Alipomaliza kulia alisimama, akaenda kuangalia ndani ya kile kikombe. Akakunja pua.

"Baba, si hivyo. Mama huwa anatumia mkate. Anabonyeza kwanza."

Alisema *huwa*. Sikumsahihisha. Nikampa kipande cha mkate, akachukua kikombe akanionyesha, akibonyeza kwa uzito wake wote, ulimi nje. Tukasukuma droo pamoja. Alikula kingo tu siku hiyo. Kiini hakukigusa. Lakini alikula. Kesho yake akala zaidi kidogo, na mwalimu akaacha kupiga simu.

Shule zilipofungwa mama yako alikuja, na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Akalala kwa jirani, na asubuhi akaja kumchukua. Akakaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia, nikitengeneza chai ya Mwende ya mwisho, hivyo nilivyofikiri, na mayai. Mwende alichukua sahani, nikajua anaenda kula karibu na nyanya yake, susu kama anavyomwita. Halafu nikasikia:

"Susu, onja."

"Nimeshakunywa chai, mama."

"Onja tu. Ni ya mama. Alitufundisha."

Unajua alivyokuwa akiikataa hiyo mashine hata ulipokuwa hai. Na sasa kilikuwa chakula kilichopikwa na mkwe wake, tena mwanamume. Nilisimama na kitambaa mkononi. Kisha nikasikia kijiko kikigonga sahani. Kikagonga tena.

"Mama yako alikuwa anapika hivi?" akauliza.

"Ndiyo. Kila siku."

"Na mimi hakunipikia."

"Alitaka, susu. Ulikataa."

Nilifunga macho. Mtoto hajui kupaka maneno asali. Sauti iliyofuata haikuwa ya maneno. Mama yako, ambaye kwenye mazishi aliimba kuliko wote, alilia juu ya ile sahani, na mimi sikuweza kwenda kumshika bega kwa sababu mila haikuniruhusu. Mwende ndiye aliyemshika. Nilimsikia akisema, "Pole, susu. Pole," hivyo hivyo ulivyokuwa ukimwambia yeye akianguka.

Baadaye mama yako alijifuta, akakohoa, akaongea kwa sauti kubwa iliyokusudiwa kupita pazia.

"Mwende, mwambie baba yako chumvi imezidi kidogo."

"Baba, chumvi imezidi."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie susu nitapunguza."

"Na umwambie nitakuwa nakuchukua likizo tu. Shule zikifunguliwa utarudi huku."

Mwende hakuwahi kunifikishia hilo. Alikuja akanikumbatia kiunoni.

Waliondoka siku hiyo, na likizo ilipoisha mama yako alimleta mwenyewe. Kwa hivyo mtoto yuko nami. Nilitaka ulijue hilo kwanza, ndipo nikuambie lililonifanya nishike kalamu.

Katika asubuhi hizi zetu nimekuwa na ujanja. Nikijua kabisa kinachotakiwa, huwa nasahau kitu makusudi. Siweki kitunguu, au nakata nyanya vipande vikubwa. Nafanya hivyo ili Mwende aseme, "Baba, mama huwa anafanya hivi." Kila akisema, umeingia jikoni. Nimeishi kwa hayo maneno kama mtu anayeishi kwa dawa.

Leo asubuhi sikuweka kitunguu. Nikamwekea sahani mbele yake, nikasubiri. Alikula kingo zote, akakizunguka kiini, akakila. Akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate. Akanisimulia kuhusu rafiki yake mpya ambaye ng'ombe wao amezaa. Akavaa begi, akasema, "Baba, ilikuwa tamu," akatoka.

Hakukutaja.

Nilimtazama akienda, anarukaruka kukwepa madimbwi, na nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, maana hilo ndilo nililoliomba kwa Mungu. Halafu nikarudi ndani nikakaa kwenye kiti chako, nikalia mpaka chai yangu ikapoa. Nafikiri hivi ndivyo mtoto anavyopona. Lakini mimi bado sijawa tayari, Mama Mwende. Yeye anaweza kuanza kutembea. Mimi nitakaa hapa na wewe kidogo zaidi.

Pumzika, mpenzi. Kesho nitaweka kitunguu.

Wako,
Baba Mwende