Brenna: Abaki Chuoni au Apande Mnara

Jumanne, 4 Machi

Brenna Tollefson anataka kuacha chuo! Mwaka wa tatu, ualimu, bado mwaka mmoja tu avae joho. Kisa? Kampuni ya mitambo ya umeme wa upepo inamfundisha kazi ya kupanda minara huku inamlipa. Bosi wangu Rolf roho juu – chuo chetu ni kidogo, akiondoka mmoja tu asilimia yetu ya wanaohitimu inayumba. Kanituma kwao nikambembeleze bibi yake aliyemlea, amrudishe. Ndiyo kazi yangu, kuwazuia wasiondoke. Lakini nimetazama takwimu zetu wenyewe: mwalimu tunayemtoa hapa, mshahara wake haufiki hata karibu na wa mitambo. Sasa nikambembeleze kwa lipi?

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Supu kanisani. Nimeomba nipate jibu. Sijapata.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu gani hii! Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, basi nikaoka bakuli la nyama na viazi, nikafunika kwa foili, nikavaa koti jeusi. Nikasahau kwamba bakuli la namna hiyo, mchana wa siku ya kazi, hupelekwa penye msiba. Bibi yake, Bi Dorthea, akafungua mlango. Akaliona bakuli, akaniona mimi wa chuoni, akashika mwimo wa mlango.

"Ameanguka," akasema. "Brenna wangu ameanguka mnarani."

Nikamwambia hapana, hapana, mzima! Hasikii. Akakaa chini pale pale barazani, kwenye theluji, analia. Na mimi nimeshika bakuli, sijui niliweke wapi.

Mara Brenna huyo, mikanda ya kupandia bado kiunoni. "Bi Marlys, umemfanya nini bibi yangu?"

Bibi kamng'ang'ania mkono. Hapandi tena, Jumatatu anarudi darasani, basi! Brenna akanitazama, anangoja niseme kitu. Nikasema chakula kinapoa. Chakula kinapoa! Mtu mzima mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Brenna karudi. Rolf kanipigia makofi mbele ya ofisi nzima: "Marlys, wewe kiboko! Mapishi yako tutayaingiza kwenye bajeti." Nimecheka nao. Kisha nimejichukia. Nimeshinda au nimeharibu? Hata sielewi.

Jumanne, 11 Machi

Brenna kaja ofisini. Kasema kule juu anaiona nchi yote mpaka kwao, hajawahi kupenda kazi hivyo. Darasani anasinzia tu. Kesho nafasi yake anapewa mwingine.

"Mimi bibi hanisikii. Wewe atakusikia. Mwambie tu ukweli wa mishahara, Bi Marlys. Basi."

Ukweli ninao. Lakini nikiusema, kazi yangu je? Na akianguka kweli, nitamtazama Bi Dorthea kwa macho gani?

Nikapiga. Akapokea kabla sijajipanga. "Marlys! Mungu akubariki, umenirudishia mjukuu wangu. Siku hizi nalala usingizi."

Nikasema nitampigia tena baadaye kidogo. Sasa saa kumi. Saa kumi na moja tunafunga. Brenna amekaa nje ya mlango wangu, koti mapajani, ananitazama kupitia kioo. Simu iko hapa mbele yangu. Naandika ili aone nina shughuli.