AC ya Chumba cha Mvinyo

Mpendwa mjukuu wangu Wakesho,

Natumai Nairobi imekuamkia vyema. Huku Voi mvua imenyesha, na goti la nyanyako limepona. Ameanza tena kunifokea.

Umeniuliza kama ni ujinga kuacha kazi ya benki inayokukosesha usingizi, ilhali wenzako wanaililia. Benki siijui. Ila miaka ya tisini, nikiwa fundi wa AC kule Wadi Kabir, Muscat, tulikuwa na mteja, mzee Mfaransa aliyeishi peke yake. Shamba moja la zabibu la kwao lilimuuzia kila mwaka chupa chache za mvinyo mwekundu, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha yao. Usiponunua mwaka mmoja, nafasi yako anapewa mwingine. Daktari alikuwa amemkataza pombe, lakini bado alinunua.

Joto la Juni likaua AC ya chumba cha chupa. Kipuri kikawa kinatoka ng'ambo. Akaniambia nihamishe ile ya chumba chake cha kulala niifunge kule, joto lisiharibu mvinyo.

"Na wewe, mudir?" nikamuuliza, yaani bosi.

"Mimi siharibiki."

Baada ya wiki kadhaa akaniita, macho mekundu. "Irudishe kwangu. Nimewaandikia wanitoe kwenye orodha."

"Na chupa?"

"Zikiharibika, na ziharibike."

Nikaifunga chumbani kwake, nikaiwasha. Nilipogeuka kumuuliza kama baridi inatosha, alikuwa ameshalala, viatu miguuni.

Babu yako, anayekutakia usingizi.