Chachu Kutoka Kalima

Kindu, Kasuku, Jumamosi tarehe 27 Septemba 1975

Asubuhi mawingu mazito upande wa Alunguli, kisha mvua nyembamba, bila upepo.

Kwako Yaya Ntumba, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Mpoyi. Habari za kifua chako? Je, kile kikohozi cha vumbi la kiangazi kimekuachia? Na watoto wameanza shule wote? Sisi hatujambo. Mpoyi alirudi juzi na treni ya Kongolo, amekonda kidogo lakini anakula.

Tangu Mama alipokuwa hai, mvua za kwanza zikirudi tunaandikiana tulichopika na tulichosoma. Sitaki kuuruka mwaka huu. Unga wa ngano umekuwa wa kutafuta tangu maduka yapate wenyewe wapya, kwa hiyo naweka nusu wa ngano, nusu wa mchele. Ndizi ngojea mpaka ganda liwe jeusi kabisa, uziponde kwa mkono, usitie maji. Makaa mengi yakae juu ya kifuniko cha sufuria, machache chini. Mwaka jana nilifanya kinyume, na Mpoyi akaniuliza kama nimemwokea mkate au taruma la reli.

Kuhusu kusoma, masista wa misheni waliniazima kitabu cha Kifaransa juu ya mjane aliyeachiwa duka la vitambaa, na ndugu za mume wanalitaka. Mkate ukiwa motoni nilikuwa ninamfasiria Hawa, jirani yangu wa ukuta mmoja. Hawa alimpa shangazi mmoja wa kitabuni jina la mwizi mwenye rozari, akanikataza kufunua ukurasa kabla hajamaliza kumtukana. Unamjua Hawa. Ni yeye aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu hospitalini mimba ilipoharibika, wakati wewe ulikosa gari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulipokuja kutoka Kalima mwezi wa nane uliniletea chachu ndani ya chupa, maana ya dukani haipatikani tena. Hawa alikuwa pale jikoni. Alikuuliza imetengenezwa na nini, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inakaribia, na baba yake, mzee Waziri, hupenda kufuturu kwa mkate wangu. Ulimshika mkono, ukamwita mdogo wako, ukamwambia ni maganda ya ndizi, viazi vitamu na maji, basi, asiwe na wasiwasi. Baadaye aliniuliza tena mimi peke yangu. Nikamjibu kwamba dada yangu hawezi kumdanganya mtu aliyefunga.

Tangu mfungo uanze, kila Ijumaa Okito, dereva wa huko kwenu, ananiletea chupa mpya kutoka kwako kwa lori lake, na kila jioni napeleka mkate kwa Hawa. Harufu yake niliisikia, nikadhani ndiyo ya maganda yaliyochacha. Mzee alinitumia salamu kwamba mwaka huu mkate umekuwa laini, hauyasumbui meno yake.

Jana Okito alifika shati limelowa. Kizibo kiliruka njiani kwa joto. Alisema, akicheka, kwamba askari wa kizuizini walimshuku kuwa anatoka msibani, jinsi alivyonuka pombe ya malafu. Nikamwambia amekosea, hiyo ni chachu. Akanitazama akidhani namtania. Akasema malafu njo chachu yenyewe, na ni yeye anayekuletea kutoka kwa mgema. Kisha akaendelea, kwa kuwa alidhani najua. Akasema pale kwenu hiyo ndiyo hadithi ya kila Jumapili: mahaji wa Kindu wanafungua kwa malafu ya Ntumba na wanayasomea bismillahi, na mdogo wake, pamoja na shule yake yote, hanusi kitu. Mmoja alicheka mpaka akamwaga kikombe chake. Nilimuuliza kama wewe pia ulicheka. Akainamisha kichwa, akasema kwa heshima, citoyenne, ni dada yako anayesimulia.

Mpoyi alinishauri ninyamaze mpaka sikukuu ipite. Sikuweza. Leo mvua ilipokatika nilikwenda kwa Hawa, nikamwambia yote. Alinisikiliza amesimama. Alisema aliyekula bila kujua hana dhambi, Mungu anaona. Halafu akaniuliza kama siku ile ulipomshika mkono ulikuwa unajua tayari. Nikasema ndiyo.

Aliniomba baba yake asijue. Akijua, atataka kuzilipa siku zote hizo kwa kufunga upya, na mwili wake hauwezi tena. Atamwambia kwamba mkate umekatika kwa sababu naumwa. Hawa hajawahi kumdanganya baba yake. Sasa ataanza, kwa ajili ya kicheko chenu. Aliniaga akaniita Mama Mpoyi, kwa jina la mume wangu, yeye ambaye siku zote ananiita Bitota, akafunga mlango taratibu, kama unavyomfungia mgeni.

Yaya, sikuandiki ili nikutukane. Najua utasema ulikuwa mchezo tu. Usinieleze. Mimi ungenicheka, ningevumilia, umenicheka tangu utoto. Lakini ulichukua neno langu, neno ambalo mtu aliliamini, ukalifanya kichekesho cha Jumapili. Usimpe Okito chupa nyingine.

Jioni hii, baada ya adhana, nilikuwa nimeketi kando ya ukuta. Nilimsikia mzee Waziri akiuliza habari zangu, na Hawa akimjibu. Kisha mzee akainua sauti yake, polepole, akaniombea nipone.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake, na mume wako. Wewe sijui nikusalimu namna gani, basi napaacha wazi.

Mdogo wako,
Bitota

Saa nne kasoro usiku. Nazima taa, nalala.