Jina Moja kwenye Kazi ya Wawili

Mpendwa mshauri,

Nakuja kwako na ombi la msaada nikiwa mtu mzima wa miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu wa hisabati hapa Mamba, wilaya ya Same, na unisamehe nikieleza kirefu, maana nimefundisha miaka thelathini na sita na njia nyingine ya kusema siijui.

Mimi na Erasmo, fundi redio mstaafu anayeishi Maore, tumekua pamoja huku mlimani, na hadi leo nikifumba macho nasikia pembe ikipulizwa jioni kutangaza msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, na kesho yake mama zetu wanasomba udongo wa kuziba ndiva, lile bwawa dogo la maji ya kumwagilia kwa zamu, sisi wawili tunaukanyaga mpaka unatufika magotini, kisha makande yanapakuliwa tunakula sahani moja, na hakuna aliyewahi kuandika jina lake kwenye ukuta wa ndiva.

Uzeeni tulijifunza kuandika programu, tukatengeneza ya kuonyesha zamu za maji kwenye simu, tukitumia maktaba huria, ambayo ni mkusanyiko wa vipande vya programu vinavyochangiwa bure na watu wa nchi nyingi, na kazi ya maktaba hiyo ni kutunza hali, yaani kukumbuka mambo yalivyo sasa hivi: zamu ni ya nani, maji yamefunguliwa au yamefungwa. Jumanne moja simu zote zikasema zamu ni ya Alhamisi, kwa kuwa tulikuwa tumeweka siku mahali pa mtu, na wakulima wakacheka sana, "Mwalimu, huyu Alhamisi ni wa ukoo gani? Tangawizi yake iko upande upi?" lakini Erasmo hakucheka, akaniambia, "Fanueli, tuweke kitu cha kumsimamisha mlangoni kila anayeingia, kimuulize, wewe ni mtu au siku?"

Basi nikakiandika kitu hicho, fanksheni ya kusaidia, yaani kipande kifupi cha programu, mistari kumi na tisa, kila kinachoingia kimetajiwa aina yake, yaani ni mtu au ni siku, na ukikosea inakukatalia ungali unaandika, kabla mkulima hajaona kitu, kisha nikaituma kwa wasimamizi wa maktaba ili iwafae wote, na pale penye nafasi ya kutaja uliofanya nao kazi nikapaacha wazi, nikijiambia huu ni msaragambo, majina ya nini, nisijue kwamba mfumo wenyewe huweka jina la aliyetuma, kwa hiyo likakaa jina moja, langu, Erasmo akaliona, akaniandikia ujumbe mmoja tu: "Hongera. Sikujua siku hizi ndiva ina mwenyewe."

Nimeshuka Maore mara mbili, na mara zote mbili mkewe, Eva, ameniambia, "Shemeji, karibu chai, ila mwenyewe katoka," na viatu vya Erasmo naviona mlangoni. Ijumaa wasimamizi wataingiza kazi ile kwenye maktaba, na baada ya hapo kumbukumbu ya nani kaifanya haibadilishwi. Je, niache iingie, nimweleze Erasmo akishapoa, au niiondoe kabisa, nipoteze kazi nisimpoteze rafiki?

Mwalimu Fanueli,
Mamba

*

Shikamoo, Mwalimu.

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya makande tu, maana nami nimelelewa na bibi kule Ndungu, na sahani ya kuchangia naijua.

Sasa nivumilie, nitakusema kama binti yako asiyekuogopa. Umenieleza mimi, mtu usiyemjua, ndiva ni nini, hali ni nini, aina ni nini. Nimeelewa vyote. Je, Erasmo ulimweleza nini kabla ya kutuma? Nimetafuta kwenye barua, sikuona hata neno. Mtu aliyekupa wazo amekuja kulikuta tayari limeshasafiri.

Na hiyo desturi ya kutoandika majina umeikumbuka vizuri ila umeitumia vibaya. Pale kwenye ndiva hamkuandika majina kwa sababu kila mtu alimwona mwenzake na tope miguuni. Huko ulikotuma hakuna aliyemwona Erasmo. Jina ndilo tope lake.

Usisubiri apoe. Wala usiiondoe kazi, kwa sababu hapo utakuwa umemnyima mara ya pili. Leo hii waandikie wasimamizi: kazi hii ni ya watu wawili, tunaomba msiingize chochote mpaka tuirekebishe. Hakuna atakayekukasirikia kwa hilo.

Kesho panda bodaboda, ushuke Maore na kompyuta yako. Eva akisema mwenyewe katoka, mwambie, "Asante shemeji, nitamsubiri," kisha ukae kweli, hata kama ni mpaka saa kumi. Hawezi kujifungia chumbani siku nzima na wewe uko sebuleni unakunywa chai yake.

Akitoka, sema umekosa. Neno hilo moja, Mwalimu, bila maelezo. Kisha mpishe kiti, aandike jina lake kwa mkono wake na kuituma kazi yeye mwenyewe. Na akikuta kwenye ile mistari kumi na tisa mmoja asioupenda, akaufuta, mwache aufute.

Bi Kuluthumu