Kaka, Isdori Hajaniroga

Hospitali, Sumbawanga
14 Juni 1993

Kaka Urbano, shikamoo.

Hujambo huko Wampembe? Mimi kichwa kizima, mdomo ndiyo usiseme. Miguu tu imegoma, imelala kitandani kama suruali ya mtumba iliyokosa mnunuzi.

Nasikia umefuata mganga aje amfichue Isdori, ati kaniroga kwa sababu meza zetu za mitumba zimepakana. Jamani! Tangu biashara iwe ruksa, nani pale sokoni hana jirani wa kugombea naye wateja? Tungekuwa tunarogana, soko zima lingelazwa wodi hii. Na siku nilipoanguka ni huyohuyo Isdori aliyenibeba mgongoni, akinung'unika kwamba belo la nguo lina nafuu.

Daktari kila akipita ananiuliza kama niliharisha kabla miguu haijalegea. Nikawa nasema hapana, tumbo safi. Akakuna kichwa, akasema basi haelewi ugonjwa umeanzia wapi. Ndugu wakadakia hapohapo: umeona, huo si wa hospitali! Wamenichosha. Kila anayekuja kunitazama ana mchawi wake mfukoni.

Sasa nikwambie kweli. Niliharisha kaka, tena damu. Tulipokwenda Ilemba kwa wakwe nilichinjiwa kuku, nikapewa firigisi na paja, na paja lenyewe bichi kwenye mfupa. Mkwe anakataaje? Nikala, nikashukuru. Na hapa wodini mama mkwe habanduki kwenye kiti. Ningeanzaje kutaja choo mbele ya mama aliyemzaa mke wangu Justa?

Jana pumzi ikaanza kukata. Nikasema yote, mama anasikia. Daktari akasema kuku mbichi ana vijidudu, bakteria. Askari wa mwili wamewapiga, halafu kwa kukosea wakaendelea kuipiga mishipa yangu ya fahamu, ndiyo miguu ikagoma. Kachukua choo kikapimwe Mbeya, na mimi kesho napelekwa hukohuko, hospitali kubwa, wanilinde pumzi. Anasema wengi hupona, polepole. Mama mkwe kajifunika kanga usoni, kaondoka bila kuaga. Justa kamfuata.

Basi mganga mwache hukohuko. Ukimleta kumnyooshea Isdori kidole, nitaomba nibebwe mpaka katikati ya soko, niwasimulie watu nilivyoharisha ukweni, mwanzo mpaka mwisho. Unanijua.

Barua hii nimempa Beda wa gari la samaki. Wasalimie wote huko, na kuku wenu wachemsheni mpaka waachane na mifupa.

Mdogo wako,
Christopha